Kadi Tatu za Evelina

Mama Evelina,

Dagaa nimewafunika. Maharage yako jikoni, yaongezee maji. ~~Nimekwenda Sengerema, msinitafute.~~ Nimekwenda gengeni tu, narudi.

Nilimwahidi mwanao kwamba akioanisha kadi zake zote za Kiingereza, kila neno na maana yake, ndipo nitaondoka nirudi kwangu Sengerema. Kila siku anakosea tatu zilezile. Leo nilichoka kungoja, nikavaa viatu niende zangu. Ndipo nikamsikia uani akimfundisha mdogo wake hizo tatu, zote sawasawa.

"Mbona kwa babu unakosea?"

"Nyamaza wewe! Nikipata, babu anaondoka."

Mwanangu, humu ndani nimebanwa mpaka miguu inaniwasha. Lakini usimwambie kwamba nimemsikia. Kesho nitamsahihisha tena, naye atajifanya anajifunza.

Baba yako