Juu Ni Yenu, Chini Ni ya Serikali

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo ilikuwa baraza kwa uwanja wa shule. Chifu alileta watu wa kampuni, wametoka Nairobi na magari meupe. Wanatafuta gesi. Sio ya mtungi — hii iko ndani ya mwamba, chini kabisa. Wanasema watatoboa shimo moja la kujaribu, wapasue huo mwamba na maji, waone kama inatoka. Na shimo wanataka kulitoboa kwetu. Yaani kwetu na kwa majirani, ile sehemu ya chini inayoangalia barabara ya Kampi ya Moto.

Anayeongea na wananchi ni kijana anaitwa Lewis. Mpole, viatu safi. Mzee Hezekiah alimwuliza, kama iko kwa shamba langu si ni yangu? Lewis akasema hapana mzee, sheria iko hivi: juu ni yenu, chini ni ya serikali. Kampuni inaomba serikali leseni ya kile kiko chini. Nyinyi mnalipwa kile kiko juu. Nyumba, ua, miti. Mzee akauliza, na viazi? Zangu ziko chini. Watu walicheka mpaka chifu akacheka. Halafu akauliza kama hiyo gesi haitatuchoma kama lile lori la mafuta lilivyochoma watu Sachangwan, na hapo hakuna mtu alicheka.

Mimi niliuliza kama tutapikia hiyo gesi. Lewis alisema, labda siku moja, mathe. Nilifurahi hata hivyo. Niliona jikoni bila moshi, binti yangu Natalie anasoma bila kukohoa.

Tukipewa soda Lewis akasema, na makaburi, mkiwa nayo mtuonyeshe, kuna utaratibu wake.

Soda sikuimaliza. Mimi niko na kaburi na sijui liko wapi.

Jumanne, 4 Machi

Sijawahi kuandika haya. Naandika sasa.

Agosti iliyopita, hospitali, Nakuru. Walinipasua, damu ikakataa kusimama. Nilipopata fahamu mtoto alikuwa kile chumba cha watoto wadogo, kwa mashine. Kijana. Sikuweza kutembea. Kogo ndiye alikuwa anaenda kumwona. Kogo ni mama ya Weldon, mume wangu, mimi namwita vile Natalie anamwita nyanya yake. Jioni alirudi, akakaa kwa kitanda changu, akavua kitambaa cha kichwa. Nikajua.

Mimi nilibaki wodi. Kijana akapelekwa nyumbani ndani ya shali ya manjano niliyokuwa nimemnunulia. Mtoto mdogo hivyo anazikwa na wamama wazee tu. Hakuna msalaba, hakuna simiti. Weldon mwenyewe aliachwa kwa geti. Na mama yake haonyeshwi. Niliporudi nikauliza, Kogo akaniambia, ukijua mahali utakaa hapo kila siku. Na wewe bado unazaa.

Sikumshika hata mara moja. Hakuwa na jina.

Alhamisi, 6 Machi

Kijiji kizima kinapanda miti! Imesemekana valua, yule wa kukadiria bei ya mali, anakuja wiki ijayo, na kila mti uko na bei yake. Watu hawajawahi kupanda hata ua wanachimba mashimo kwenye jua kali. Jirani yangu Rahab yuko na miche ya avokado, ile ya kuunganishwa, na sasa anaringa kama daktari. Aliniambia, Mama Natalie, chukua hii iliyobaki, panda karibu karibu, wewe fanya ikae kama imekuwa hapo tangu Noa.

Nimepanda laini moja upande wa juu. Namwagia maji ya kuosha vyombo. Weldon amepiga simu kutoka Naivasha, wako kwa mapumziko huko wanakopakia maua. Alifurahi. Alisema wakilipa vizuri atarudi nyumbani kabisa, tununue ng'ombe wa maziwa. Nilimpa Natalie simu, akamwambia baba tuko na msitu.

Kogo aliangalia kazi yangu na hakunisaidia. Alisema tu, panda huku juu. Usichimbe pale kwa zizi la zamani.

Nimefikiri ni ukaidi wa uzee. Pale ndipo kuna udongo mzuri kuliko pote.

Jumamosi, 8 Machi

Kogo alienda mkutano wa wamama kanisani. Nikabaki na miche.

Nilienda pale zizi la zamani.

Udongo mweusi, laini, mbolea ya miaka. Jembe liligonga jiwe. Nikalitoa. Chini yake jingine, bapa. Nikalitoa. Nilifikiri ni msingi wa zizi. Nikaingiza mkono

manjano

Jumapili, 9 Machi

Sikuenda kanisa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimalize jana na juzi.

Sikuvuta. Niliona ncha ya shali tu, imebadilika rangi lakini ni ile, nazijua zile nyuzi za pembeni. Sikuvuta. Nilikaa chini na mkono wangu ndani ya shimo. Sijui muda gani. Natalie aliniita kutoka kwa mlango, akaniita tena.

Kogo alinipata hapo. Nilingoja anipigie kelele. Aliweka Biblia yake kwa nyasi, akapiga magoti na ile nguo yake ya kanisa, akasema, rudisha mawe. Polepole. Hilo kubwa mwisho.

Tukarudisha pamoja. Udongo tukaurudisha kwa mikono, sio kwa jembe. Akanipeleka ndani, akaniosha vidole kimoja kimoja kama mtoto.

Lakini nimejua. Nilidhani nikijua nitakufa. Sikukufa. Nimelala usingizi mara ya kwanza tangu Agosti, na nikiamka nilijua aliko.

Halafu nikakumbuka vile vigingi vyenye utepe mwekundu, watu wa kampuni walivipigilia baada ya baraza kuonyesha mahali pa shimo. Nimeenda kuangalia. Kigingi kimoja kiko hatua chache tu kutoka pale.

Alhamisi, 13 Machi

Valua amekuja. Anaitwa Mburu, mtu wa makamo, mcheshi. Aliangalia miche yangu na matone ya maji bado yako kwa majani. Akasema, mathe, huu msitu umeota usiku? Lewis alicheka. Mimi pia ningecheka. Akaandika yote, akasema ni sawa tu, leo ameona misitu mingi kama hii.

Walipofika zizi la zamani nikasema, hapa kuna kaburi. La mtoto wangu.

Mburu aliacha mzaha mara moja. Akavua kofia. Akauliza kama kuna alama yoyote. Hakuna. Akauliza nani alikuwepo akizikwa. Nikamwangalia Kogo.

Kogo akasema, hapo hakuna kitu.

Nikamwita, Kogo! Akasema tena, kwa Kiswahili chake kile cha kukatika, akimwangalia Mburu kwa macho: hapo hakuna kitu ya kuhesabu.

Lewis aliongea kwa upole. Familia ikisema iko na ikisema haiko, yeye hawezi kupeleka hiyo kwa ofisi. Bila alama, bila shahidi. Akasema pole. Nadhani alikuwa anamaanisha. Mburu akasonga kwa mti mwingine, mti wa kweli, na akaupiga rangi nyekundu.

Jioni nilimwuliza Kogo kwa nini. Niliuliza vibaya, kwa sauti. Alikuwa anachambua mboga. Akasema, umeona wanaandika nini? Mti, bei. Ua, bei. Nikiwaambia yuko, watamwekea bei. Wakishakulipa si wamenunua? Sisi hatuhesabu watoto, Cheptanui. Hata walio hai hatuhesabu.

Lakini nilimwambia, Kogo, ukisema hayuko, watapitisha mashine juu yake kama hayuko. Akaacha mboga.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeongea na Weldon. Nilimwambia yote, mpaka shali. Nikasikia wenzake wanacheka nyuma, halafu nikasikia mlango. Alikuwa ametoka nje.

Akasema, tuachie hapo. Tuko na Natalie. Gesi ikitoka italeta barabara, italeta kazi. Nikamwambia sipigani na barabara. Mimi nataka asiguswe, basi. Wasogeze shimo. Shamba la watu wanne wote hilo, hawawezi kusogea kidogo?

Akasema, Tanui, mimi walinifungia nje ya geti. Mimi baba yake. Hata leo sijui nilie nikiangalia wapi.

Nilimwelekeza. Nilimwambia simama kwa mlango wa jikoni, angalia chini, kuna ule mti uliokatwa na radi, sasa kushoto. Alirudia nyuma yangu, kushoto. Kisha laini ikakatika, au alikata.

Jumatano, 19 Machi

Nimeenda Nakuru. Rahab alinielekeza, kuna ofisi inasaidia watu wa kawaida mambo ya sheria, unangoja tu kwa benchi. Nimengoja. Wakili ni msichana wa huku kwetu, Jepkemboi, mdogo kuliko mimi. Ningeogopa lakini alinipa chai kwanza.

Alinieleza taratibu. Leseni haijatoka. Kabla itoke lazima kuwe na kikao cha wananchi, afisa wa mazingira anakuja kusikiliza, na kila kitu mtu anasema hapo kinaandikwa, na kampuni lazima ijibu. Sio uwongo wa kupewa soda. Hicho ni kitu cha sheria. Moyo wangu ulipanda.

Lakini kaburi, akasema, hapo ni pagumu. Halina alama. Na wewe hukuwepo. Tunamhitaji aliyezika.

Nikamwuliza kitu kimoja kilikuwa kinanisumbua tangu baraza. Kama juu ni yetu na chini ni ya serikali, yetu inafika wapi? Mtoto wangu hayuko juu. Lakini hayuko chini sana. Yuko hapo tu mkono unafika.

Alianza kunijibu kwa kitabu. Mambo ya madini, mambo ya mafuta, katiba. Halafu akaacha. Alisema, hawakuandika kwa futi, dada. Sijui kama kuna mtu aliwahi kuwauliza.

Akaniambia, kaulize hivyo hivyo kwa kikao.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua imeanza. Miche ya Rahab inashika kweli, hata yangu. Nani angedhani.

Asubuhi, bado giza kidogo, nilienda kukamua mbuzi. Kogo hakuwa kwa nyumba yake. Nilimwona kule zizi la zamani, ameketi kwa jiwe, leso kichwani, mvua inamnyeshea. Ameshika kikombe, hakinywi.

Yeye aliyenikataza kukaa hapo. Ngapi zimekuwa, hizi asubuhi zake?

Nilirudi bila kumwita. Nikachemsha maziwa mengi.

Alhamisi, 3 Aprili

Kesho ni kikao. Leo wameleta greda, wameiegesha karibu na geti ya shule. Lewis anasema ni ya kutengeneza barabara tu, leseni si bado. Natalie ameenda kuigusa matairi na wenzake.

Nimemwambia Kogo kesho naenda kusema. Nimemwambia sitaki hata senti. Nitasema wasihesabu, wasihamishe, wasogee tu. Amefua ile nguo ya kanisa, yenye matope ya magoti ya siku ile.

Ijumaa, 4 Aprili

Tumepumzishwa. Naandika nyuma ya darasa la nne, kwa nyasi, isije ikanitoka.

Watu ni wengi. Wengine wanataka gesi, wanasema vijana wapate kazi, na si watu wabaya. Kipchirchir, mtoto wa Mzee Hezekiah, amekaa bila kazi tangu amalize chuo, aliongea vizuri mpaka nikatamani kumpigia makofi. Nikainuka. Niliuliza lile swali. Yetu inafika wapi? Lewis aliangalia viatu vyake. Mwenye alikuja na yeye, wa suti, akasema hilo watalijibu kwa maandishi.

Afisa wa mazingira ni mzee wa miwani, sio wa huku. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, mama, nataka kuandika hili kaburi. Jina la marehemu?

Nikasema, ni mtoto wa Weldon.

Jina lake?

Nikasema hakupata jina. Mtu wa suti akasema polepole, lakini tulisikia wote, kwamba hawawezi kujibu kuhusu mtu ambaye hana jina wala alama wala shahidi. Afisa alingoja na kalamu. Nilikuwa nimeanza kukaa chini.

Kogo akasimama. Kule nyuma kabisa, kati ya wamama wa kanisa.

Alisema, jina analo.

Alisema kwa lugha yetu, wakili Jepkemboi, ambaye pia alikuja, akawa anamtafsiria afisa. Kwamba siku ile hospitalini, mimi nikiwa nimelala kama maiti, yeye alisimama karibu na ile mashine. Nesi alidhani anaomba. Alikuwa anaita majina. Vile wamama huita kwa mtoto yeyote akizaliwa, majina ya wazee waliotangulia, moja moja, mpaka mtoto achague. Aliita mengi. Mtoto kimya. Akaita la mzee wake mwenyewe, baba ya Weldon, ambaye kaburi lake la simiti liko hapo juu kwetu kila mtu analijua. Kiprugut.

Mtoto akapiga chafya.

Wamama wa huku wote walivuta pumzi pamoja, maana kwetu mtoto akipiga chafya amechagua jina. Mzee Hezekiah alivua kofia. Afisa hakuelewa. Aliuliza, chafya ni nini hapa, ni ushahidi? Jepkemboi alianza kumweleza. Mtu wa suti akainua mkono, anapinga. Afisa akaweka kalamu chini, akasema tupumzike kwanza, aulize wenzake.

Kwa hivyo alikuwa na jina. Tangu Agosti alikuwa na jina, na Kogo amelibeba peke yake kila asubuhi mpaka kwa lile jiwe, nisije nikakaa hapo.

Wanaita watu warudi. Greda imewashwa, labda dereva anaisogeza tu kivulini. Kogo ameketi hapa karibu yangu. Hajui kusoma. Ameniuliza naandika nini. Nimemwonyesha kwa kidole lile jina, nikamsomea.

Amesema nisome tena.