Duncan Momanyi na Uzi wa Nane

Mwaka umetimia, Duncan, tangu moyo wako uliposimama, na obokano ya babu yako, kile kinubi cha Kigusii cha nyuzi nane, ingali ukutani hapa Nyamache ulipoitundika.

Siku nyingine ulikuwa wa watu wote: gitaa la harusi Jumamosi, kinanda cha kanisa Jumapili. Jumanne tu ndiyo ilikuwa yako. Bendi ya harusi ilipumzika, nawe na ndugu zako Ogeto na Makori mkajifungia kwenye stoo ya mahindi kupiga roki, obokano imechomekwa kwenye amplifaya. Mlijiita Wageni wa Jumanne. Mlipopiga sokoni Keumbu mara ya kwanza, mzee mmoja aliuliza kwa upole kama spika imeungua. Ulicheka wiki nzima. Miaka sita mliendelea bila kurekodi hata wimbo mmoja. "Bado haujaiva," ulisema.

Kabla ya kupiga ulimwita mkeo kutoka jikoni: "Phanice, nipe ya kwanza." Akaimba sauti, nawe ukakaza uzi, hadi zote nane. Kisha ukaweka kitone chekundu cha rangi yake ya kucha pale kila uzi ulipofungwa kwenye mti wa juu, alama ya kukurudisha kwenye sauti ile ile. Ulimmalizia chupa ngapi! Alilalamika, na akanunua nyingine.

Sasa tukuambie tulilokuficha. Siku ya mazishi, mama yako Joyline aliona aibu wazee wakute obokano imepakwa rangi ya wanawake. Akavisugua vitone vyote kwa mafuta ya taa. Phanice alipoona, alinyamaza. Nani angemwambia mama aliyefiwa kwamba amefuta kazi ya mwanawe?

Alinyamaza mwaka mzima, nyuzi zikalegea. Wiki jana Ogeto akapiga simu: "Shemeji, Jumamosi ya kumbukumbu tunapiga ile wimbo yake ya mwisho. Obokano iko sawa?"

"Iko sawa," akajibu, na tangu hapo usingizi ukampaa.

Jumanne hii aliishusha. Akafunga mlango, akaimba ya kwanza, akakaza. Aliogopa kukata uzi, na aliogopa zaidi kuukaza mahali pasipo pako. Saba zilirudi. Wa nane ukakataa. Aliimba, akalegeza, akaimba tena, mwishowe hakujua hata anatafuta sauti gani. Akalia.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mama yako, yule yule aliyegonga ukuta miaka sita akisema mnamuua kwa kelele.

"Mama Lorna," akamwambia Phanice, "hiyo ya mwisho umeshusha sana."

Akaegemea mkongojo wake, akaiimba. Ilikuwa yenyewe, Duncan.

Phanice akakaza. Mama akautazama ule mti mtupu, akaelewa. "Kumbe ni mimi nilifuta," akasema. "Leta hiyo rangi."

Aliviweka vitone vyote nane mwenyewe, vingine vikavuja. Jumamosi bado tunaiogopa. Nyuzi ni kuukuu na wewe haupo. Lakini mama ameahidi hatagonga ukuta.

Ni sisi: mama yako Joyline, mkeo Phanice, bintiyo Lorna, na ndugu zako Ogeto na Makori. Tutakukumbuka siku zote, na Jumanne zaidi.