Mlozi Uliokosa Mdhamini

Mjini Samani,
Tarehe 9, mwezi wa Farvardini.

Mpendwa kaka Kiumars,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Shemeji na watoto hawajambo? Hiyo baridi ya Malmö imepungua, au bado mnalala na makoti? Sisi huku tu wazima wa mwili, Mungu ashukuriwe. Moyo ndio usiseme.

Mwaka mpya wetu, Noruzi, umetufika kimya. Shangazi Turan alituletea wali na samaki, tukala kwa kumstahi tu. Hakuna aliyethubutu kukaa mahali pa mama.

Bustani tumeipanda hivyo hivyo: vitunguu, uwatu, maharage. Uwatu niliumwaga ovyo mpaka nikawa kama namsikia mama kabisa: "Wewe, unapanda au unalisha kuku?" Mnanaa wake umejiotea kando ya mfereji. Niliuona nikalia, wala sikuona haya.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Baba ameukata mlozi wako, ule mama alioupanda siku uliyoondoka.

Mchezo wa shoka unaujua: baridi ikiisha, mti usiozaa hutishwa, na mtu mwingine huutetea, ili uogope uzae. Wako tangu upandwe haujatoa hata ua. Kila mwaka baba alikuwa akiinua shoka na kufoka, "Huu hauna faida, leo naukata!" Mama anamdaka mkono: "Weee mzee, uache! Mwaka huu utazaa, mimi ndiye mdhamini wake." Baba ananuna kidogo, kisha wanaingia ndani kunywa chai. Sote tulijua mama hautetei mti peke yake. Tangu uondoke, baba alikuwa ameacha kulitaja jina lako.

Mwaka huu, wiki moja kabla ya Noruzi, nilikuwa nakanda unga nikamsikia baba huko nje akisema maneno yale yale. Kisha akanyamaza. Nikadhani anamkumbuka marehemu, nikamwacha. Mara nikasikia shoka linagonga kweli. Nilitoka mbio na unga mikononi, nikakuta mti uko chini.

"Baba! Si mchezo tu huu?"

"Nilingoja, Mahrokh," akasema. "Nilingoja sana. Hakuna aliyejibu."

Kaka, nilikasirika, sikufichi. Nilimwambia mama angekuwepo angemwachia nyumba.

Halafu ikaja siku ya maua. Milozi ya bonde zima ikachanua, na ule uliolala chini nao ukachanua, kila tawi. Kumbe mwaka wake ulikuwa huu! Nyuki wameujaa kama hakuna kilichotokea. Baba hataki mtu auguse. Kila asubuhi anabeba ndoo kwenda kuumwagilia, nami sina mdomo wa kumwambia kwamba mti hauna mizizi tena. Chakula anakidonoa tu.

Njoo, kaka. Najua ni karatasi za huko zilizokuzuia usije kumzika mama, lakini baba kila nikimwambia anageuza uso. Hayo si ya kumaliza kwa simu. Njoo mwangaliane.

Shangazi Turan anakusalimu, na anauliza kama shemeji amejifunza kupika wali usioshikana. Mwanangu Parvaneh anawasalimu binamu zake na kuwabusu. Nasi tunawaombea afya, riziki na njia nyeupe ya kurudi nyumbani.

Baba hakutaka kusema lolote. Alikuwa ameketi ananitazama naandika, mwisho akauliza, "Kwa Kiumars?" Nusura kalamu inidondoke. Nikamwambia ndiyo. Akafikiri, akasema, "Mwandikie mlozi wake umechanua." Akainuka na ndoo yake, akafika mlangoni, akageuka.

"Usimwambie kama uko chini."

Mdogo wako akupendaye na anayekungoja,
Mahrokh