Mkono wa Babu Kwenye Jiwe la Bibi

4 Machi

Mjukuu wangu,

Nina miaka themanini na mbili. Nimewazika mabosi watatu, nimemaliza brashi zisizo na idadi, na sasa ni mwaka wa pili bila bibi yako. Mimi mzima, goti tu linalalamika. Hujambo? Unakula?

Nimeletewa kadi ya harusi ya binti wa jirani. Kufungua, naona mwandiko wangu! Sikuiandika mimi. Nani kaniibia mkono? Nimeandika mabango ya maduka miaka hamsini. Watu walisimama barabarani kunitazama nikivuta mkia wa herufi. Darasa la pili sikumaliza, lakini herufi zangu zilimaliza chuo. Nijibu upesi.

Babu yako

15 Machi

Babu, shikamoo. Sijambo, na ninakula.

Mwizi ni mimi. Barua ulizoniandikia nikiwa shule ya bweni nilizitunza zote. Nimechukua herufi moja moja nikatengeneza fonti: mtu anabonyeza kompyuta, mkono wako unatokea. Umeshapamba kadi, chupa za manukato na mlango wa saluni.

Fundi mawe kanipigia. Anasubiri uchore maneno kwenye jiwe la kaburi la bibi apate kuchonga. Anasema umechora mara saba, umefuta mara saba. Nikutumie yaliyochapwa, ayafuatishe?

Mjukuu wako

22 Machi

Salamu. Goti lile lile.

Fundi mawe ana mdomo mrefu kuliko patasi yake. Nafuta kwa sababu penseli za siku hizi mbovu. Tena kadi nimeitazama kwa miwani: herufi a zako zote zimefanana kama sare za shule! A yangu mwisho wa neno hujivuta. Nimeishi na bibi yako miaka hamsini na mmoja, leo nimwandikie kwa mashine? Usitume.

Babu yako

2 Juni

Babu, shikamoo. Goti je? Nimechelewa kujibu miezi miwili, najua umenuna.

Ulisema kweli. Sasa kuna a tatu, ya mwanzo, ya kati na ya mwisho, zinabadilika zenyewe. Humu kuna karatasi ya maneno ya bibi, kwa kipimo cha jiwe. Nafasi moja nimeiacha wazi. Herufi kubwa ya jina lake haimo katika barua zako zote. Ulimwita "mwenzangu" tu. Kwenye fonti niliibuni mwenyewe. Kwa bibi siwezi kubuni.

Mjukuu wako

19 Juni

Mjukuu wangu, hujambo? Goti limenyamaza.

A za sasa zina adabu. Fundi mawe kazifuatisha. Ile herufi moja nimeichora mwenyewe, tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Si penseli, mjukuu wangu. Ni mkono. Unatetemeka tangu alipoondoka, nami sikumwambia mtu. Nikashika kitambaa nifute, fundi mawe akafoka, "Mzee, hicho kitambaa nitakichoma moto!" Akaichonga hivyo hivyo ilivyo.

Imeinama kidogo, kama yeye alivyoinamisha kichwa nikianza kujisifu. Sijawahi kuandika nzuri kama hiyo, na nimeandika nyingi. Itie kwenye fonti yako, na usiinyooshe.

Huamini? Muulize fundi mawe. Muulize na shangazi yako. Ndiye aliyenishikia mwavuli juani.

Babu yako