Kona ya Ghorofa ya Pili

4 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo huko? Sisi hatujambo, ila miguu ya Mama ndiyo ile unayoijua. Tumeshahamia kwenye nyumba ulizochora. Kaka, umefanya kazi! Maji ya mvua ya paani tunafulia, upepo unapita, mwanangu hakohoi tena. Mama anasema yeye amefika mbinguni kwa ngazi, bila kufa.

Lakini kura imetupa ghorofa ya tatu, na tangu apande hajashuka. Ile bustani uliyoiweka palipokuwa na nyumba yetu ya zamani anaitazama dirishani tu, kama picha ya ukutani. Chini kuna chumba kitupu. Sema neno moja kwenye kamati ya nyumba.

Mdogo wako

21 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, nibusie mpwa wangu. Neno hilo siwezi kulisema. Miaka kumi wakazi wananiamini kwa sababu kila chumba hutolewa kwa kura. Nikimshusha mama yangu, kesho nitamtazama nani machoni? Hata ngazi niliichora pana. Mkutano wa wakazi ukapiga kura ipunguzwe ili kila jiko lipate dirisha, nikakubali.

Nitakuja siku ya ufunguzi. Mwambie Mama nitambeba mgongoni mpaka bustanini, kama alivyonibeba.

Kaka yako

9 Juni

Kaka,

Habari za tangu ufunguzi? Huku tunajikongoja. Sikuandikii kukugombeza, mtoto anaota meno, nguvu za ugomvi sina. Siku ile Mama alivaa gauni lake jipya tangu asubuhi, akakaa ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni. Tulikuona chini na wageni, mnapigwa picha kwenye benchi la bustanini. Ukatupungia mkono. Gari likaondoka.

Nilipotaka kumvua viatu akasema, "Ngoja kidogo. Futi hasahau." Bado anakuita hivyo, tangu ulipokuwa ukipima hata sufuria zake kwa futi kamba ya mjomba.

Njoo, kaka. Barua haimbebi mtu.

Mdogo wako

30 Agosti

Kaka,

Salamu nitakupa ukifika. Tulipiga simu siku mbili. Ofisini walisema uko safarini, unapokea tuzo ya nyumba hizi. Mama tumemzika jana.

Jeneza lilipanda tupu, limesimamishwa. Kushuka na Mama ndani, kona ya ngazi ya ghorofa ya pili ikakataa, halikuweza kugeuka. Wabebaji wakataka kulisimamisha tena. Nikasema hapana, Mama si kabati. Tukamtoa, tukamteremsha kwa shuka, mimi na majirani watatu, mtoto nimemfunga mgongoni. Jeneza likatangulia bustanini.

Mikono ilichoka, tukamlaza kwanza kwenye benchi lako. Kivuli ni kizuri pale. Hatukuharakisha.

Sikulaumu kwa kura, hata mimi nilipiga ya dirisha. Ila fundi cherehani wa ghorofa ya nne ameanza kutembelea fimbo. Njoo na futi yako, upime ile kona. Mimi nitakushikia ncha ya pili.

Mdogo wako