Baba, Mwezi Tumeuona Mayfair

Baba, shikamoo. Rehema, msomee polepole, usirukeruke.

Leo ni Idi na watu wanakula, mimi nimejilaza tu. Nimechoka, Baba. Jana nilibeba marobota kutwa dukani kwa Msomali aliyenipokea, na kufunga kwenye baridi hii ya Joburg ni kazi nyingine. Magharibi wenzangu wakanivuta hadi juu ya ghorofa, hapa Mayfair, tuutafute mwezi.

Mwenyeji wangu alikuja na darubini. Imamu akaikataa, anataka shahidi wa macho matupu. “Eish, na moshi wote huu!” akalalamika mwenyeji wangu.

Nikafanya ulivyonizoeza: nikanyoosha mkono, nikalaza kiganja pale jua lilipozama, nikapanda nacho taratibu. Ukatokea juu ya vidole, mwembamba, umeinama upande, si kama wa Tanga.

Mwezi wa kwenye kadi hii aliuchora Mtaliano mmoja wa kale, alipoutazama kwa darubini aliyoiunda mwenyewe. Aliposhikilia kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua, wakubwa wa dini yake walimfungia nyumbani. Uzeeni akapofuka kama wewe, wanafunzi wake wakawa ndio macho yake.

Kadi itakufika Idi imeshapita. Kula halua hata hivyo, na Mungu akuweke.

Imamu aliniuliza ni nani aliyeuona mwezi. Nilitaja jina lako kwanza, Baba, ndipo langu.

Mwanao,
Salimu