Rangi Nyeusi kwenye Ukwato

Wambui mjukuu wangu,

Huku Tetu tuko salama, na cucu, nyanya yako, anakusalimu sana. Umeuliza kama upake rangi kwato za farasi wenu kabla ya shoo ya farasi.

Nikiwa kijana Nanyuki nilitunza farasi jike mwenye ufa kwenye ukwato mmoja. Siku ya shoo niliufunika kwa rangi ya viatu, ukang'aa. Jaji akaomba kuona miguu. Nikajifanya nafungua kamba, ati nipate muda. Lakini farasi alizoea kusafishwa kwato kila asubuhi. Jaji alipoinama tu, farasi akamwinulia mguu ule ule.

Jaji alibaki na vidole vyeusi.

Wewe safisha, upake mafuta kidogo, basi. Farasi wangu hakuficha kitu, Wambui. Aliyeficha ni mimi.

Guka wako